Nguvu Ipo, Akiba Hakuna

Pikipiki yangu ya umeme ilizima njiani kutoka Tanga kwenda Pangani, nikiwa nimeshaipita Tongoni, yapata saa nne asubuhi, kioo kikisema betri ina asilimia 41. Nikazima ufunguo, nikawasha. Ikaamka kama vile haikufanya kosa. Nikafungua resi taratibu, ikaenda. Nikaongeza kidogo ili tupande kamwinuko kaliko mbele, ikazima tena. Ilipofika mara ya nne nikakubali kwamba Pangani hatufiki, nikashuka nikaanza kusukuma.

Aliyewahi kusukuma pikipiki ya petroli anajua kuna nafuu moja: tangi likiwa tupu, chombo kimepungua uzito. Ni kama mtungi wa gesi, ukijaa unaubeba kwa kuinama, ukiisha unaunyanyua kwa mkono mmoja. Betri haina huruma hiyo. Imejaa au imekauka, kilo ni zilezile, na siku ile ya Machi nilizihisi zote mabegani, shati limenigandia mgongoni.

Mbele palikuwa na kiduka cha bati, bibi mmoja amekaa kwenye ngazi anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeishiwa mafuta?"

"Hapana bibi. Chaji."

Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. "Chaji kama ya simu?"

"Kama ya simu."

"Basi chomeka hapo ndani. Lakini LUKU yangu imebaki uniti sita na nina friji la maji. Hiyo yako inakula ngapi?"

Nilikuwa na chombo kile miezi mitano na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo, wala mimi sikujiuliza. Nikafanya hesabu kichwani: volti 48, saa-ampea 20. "Moja, bibi. Ikijaa kabisa, uniti moja."

"Moja tu? Na hiyo moja imekufikisha wapi?"

"Hapa."

Akarudi kwenye mchele wake. Watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Aliyeutunga hakuwa na pikipiki ya umeme. Nilikaa kwenye benchi la bibi mpaka adhuhuri imepita, nikanywa soda mbili kwa aibu, na nikalipa uniti mbili ingawa alisema moja inatosha. Aliyeniuzia aliniapia kilomita 70 kwa chaji moja. Sikumtafuta. Kosa ni langu, nilinunua kiapo bila kuuliza uniti.

Tangu siku hiyo napima kila chenye betri kwa kipimo cha bibi. Uniti moja ya LUKU ni kilowati moja iliyotumika kwa saa nzima, basi. Na hapo ndipo mbio za magari ya umeme za Formula E, ambazo nilikuwa nazifuatilia kwenye simu kwa ushabiki wa kawaida, zilipoanza kunielea.

Gari la Formula E la kizazi cha tatu, lililoanza kukimbia 2023, lina akiba ya uniti 38 na nusu za kutumia kwenye mbio. Nyumba ya mtumiaji mdogo wa umeme hapa kwetu inatakiwa isizidi uniti 75 kwa mwezi ili ibaki kwenye bei nafuu. Nusu ya mwezi wa familia, taa, feni, redio, pasi ya sare za shule, inakwenda kwa dereva mmoja kwa muda wa chini ya saa moja. Nilipowaambia hivyo barazani Barabara ya 9, mzee mmoja wa kahawa akasema, "Kumbe si nyingi!" Nilidhani atashangaa zilivyo nyingi. Lakini yeye amewahi kuendesha lori la mkonge, anajua chombo kikubwa kinavyokula. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Petroli lita moja, ukiihesabu joto lake lote, ina kama uniti 9. Sasa chukua gari la kizazi cha pili, lile la kuanzia msimu wa 2018 na 2019. Betri yake ilikuwa ya uniti 54 na ilikuwa na uzito wa kilo 385. Gawanya 54 kwa 9. Jibu ni lita sita. Kilo 385 za betri, zenye bei ambayo sithubutu kuiwaza, zilikuwa zimebeba kile kinachokaa kwenye madumu mawili madogo ya mafuta ya kupikia.

Hesabu hiyo inaionea betri kidogo, lazima niseme. Injini ya gari la kawaida hupoteza sehemu kubwa ya petroli kama joto. Inayofika kwenye matairi ni robo, au theluthi ukibahatika. Mota ya umeme inapitisha zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Kwa hiyo zile lita sita zinafanya kazi ya lita kumi na nane au ishirini. Afadhali. Lakini bado ni kilo 385 dhidi ya dumu la lita ishirini ambalo kijana wa bodaboda analibeba begani huku anaongea na simu.

Shemeji yangu hupenda kusema magari ya umeme hayana nguvu. Hapo tunagombana, maana nguvu ndiyo kitu pekee ambacho hayajawahi kukosa. Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, Mbelgiji mmoja aitwaye Camille Jenatzy alikaa juu ya chombo chenye umbo la risasi, akaenda kilomita 105.88 kwa saa. Ndilo gari la kwanza duniani kuvuka kilomita mia, na lilikuwa la umeme, kwa betri za risasi na asidi, ndugu wa zile tunazofunga kwenye sola. Akaliita La Jamais Contente, yaani asiyeridhika kamwe. Mwaka huo reli ya Wajerumani iliyoanzia hapa Tanga mwaka 1893 ilikuwa haijafika hata Korogwe. Zaidi ya karne moja baadaye, 2018, Romain Dumas alipanda mlima Pikes Peak kule Marekani na gari la umeme la Volkswagen kwa dakika 7 na sekunde 57, na hakuna gari la petroli wala dizeli lililokuwa limefanya hivyo. Kule juu hewa ni nyepesi, injini inahema, mota haina habari ya hewa.

Nguvu ni ukubwa wa bomba. Akiba ni ukubwa wa simtanki. Unaweza kuwa na bomba la inchi nne lililofungwa kwenye ndoo, na hiyo ndoo ndiyo habari yote ya Jenatzy mpaka leo.

Formula E wenyewe walianza kwa kukiri. Mbio za kwanza zilikuwa Beijing, tarehe 13 Septemba 2014, zikamalizika kwa ajali kubwa kwenye kona ya mwisho kati ya waliokuwa wa kwanza na wa pili, Lucas di Grassi akapita akashinda. Lakini watu hawakumbuki hiyo tu. Wanakumbuka kwamba katikati ya mbio kila dereva aliingia ndani, akafungua mikanda, akaruka kutoka kwenye gari lake na kuingia kwenye gari la pili, kwa sababu betri ya uniti 28 haikuweza kumaliza mbio. Dunia ilicheka sana. Mimi nililipenda jambo lile na bado nalipenda. Hakuna tangazo la biashara lililowahi kueleza ukweli wa betri waziwazi kama mtu mwenye kofia ngumu anayekimbia kutoka gari moja kwenda jingine. Misimu minne wakafanya hivyo, kisha kizazi cha pili kikaja na betri iliyokaribia mara mbili, na aibu ikaisha. Ikaisha, au ikahamia mahali pasipoonekana.

Ilihamia kwenye mguu wa dereva. Ukiangalia mbio hizi kwa mara ya kwanza utadhani wanaendesha vibaya. Dereva anaachia ekseleta mapema kabla ya kona, anaserereka, halafu anakanyaga breki, na breki yenyewe ni mota iliyogeuzwa jenereta inayorudisha umeme kwenye betri. Gari la kizazi cha tatu liliundwa bila breki za kawaida kwenye magurudumu ya nyuma. Angalau asilimia 40 ya umeme linaotumia kwenye mbio ni ule liliojirudishia lenyewe. Na hakuna anayetaka kutangulia! Wa mbele ndiye anayekata upepo kwa uniti zake, wa nyuma anajificha. Hapa Tanga, mji wa baiskeli, hilo halihitaji maelezo. Mtu yeyote aliyewahi kutoka Pongwe kurudi mjini na upepo wa bahari usoni anajua thamani ya mgongo wa mwenzake.

Shemeji anasema huo ni ubahili, si mbio.

Basi nikamwonyesha Mexico City ya Februari 2019. Pascal Wehrlein anaongoza, amezuia watu mizunguko mingi, mstari wa kumaliza anauona kwa macho yake, na uniti zinaisha. Gari halikuharibika wala halikugonga kitu, limekauka tu. Di Grassi, yuleyule wa Beijing, akampita mita chache kabla ya mstari. Shemeji alinyamaza. Halafu akaomba arudishe nyuma aone tena.

Kisha kuna ile ya Valencia, Aprili 2021, ambayo barazani ilizua kesi. Mvua, ajali, gari la usalama, lile linalowapunguza wote mwendo, linaingia mara tano. Kanuni za wakati huo zilisema kila muda unaopotea nyuma ya gari la usalama, dereva anapunguziwa kiasi cha umeme anachoruhusiwa kutumia, ili asipate dezo. Jumla zikakatwa uniti 19 kati ya 52. Halafu kiongozi, António Félix da Costa, akavuka mstari sekunde chache kabla muda wa mbio haujaisha, jambo lililomaanisha kuna mzunguko mmoja zaidi ambao wengi hawakuwa wameupangia. Magari yakaanza kutambaa kama yanatafuta maegesho. Nyck de Vries, aliyekuwa amebakiza akiba, akawapita akashinda. Betri zilikuwa na umeme, kanuni ndiyo ilikuwa imekata. "Sasa huyo ametozwa deni la mita," akasema mzee wa lori, "unanunua umeme wa elfu kumi unapata wa elfu sita." Nilijaribu kutetea kanuni, nikashindwa.

Kwa pikipiki hali ni ngumu zaidi, na hili linanigusa. Mashindano ya pikipiki za umeme, MotoE, yalianza 2019, na kabla hata hayajaanza, moto ulizuka usiku kwenye hema la majaribio huko Jerez, Hispania, ukateketeza pikipiki zote. Zikatengenezwa nyingine, mbio zikaendelea. Baadaye Ducati wakaleta ya kwao: kilo 225, na katika hizo kilo 110 ni betri ya uniti 18, iliyofungwa kwa seli 1,152. Inafika kilomita 275 kwa saa. Ukubwa wa bomba huo hapo. Lakini mbio zake zilikuwa za mizunguko saba au minane, mtu akienda kununua kashata anarudi zimekwisha. Gari linaweza kuficha kilo mia sakafuni. Pikipiki utazificha wapi? Baada ya msimu wa 2025 waandaaji wakayasimamisha.

Nilimpelekea betri yangu fundi wa simu hapo Ngamiani ambaye amejifunza mambo haya kwa kufumua betri za kompyuta mbovu. Alikata plastiki ya bluu kwa wembe, taratibu, kama anayechuna ndizi isiyoiva. Ndani zilikuwa seli 104, kila moja ni kopo la milimita 18 kwa 65, zimepangwa makundi 13 ya seli nane nane, zimeunganishwa kwa mikanda ya nikeli. Akagusa makundi kwa mita moja baada ya jingine. Tatu nukta tisa. Tatu nukta tisa. Tatu nukta tisa. Yote yamekaa sawa, nikaanza kumwona mwongo. Akasema subiri, akafunga balbu kubwa ya gari kama mzigo, akapima tena. Makundi kumi na mawili yakashuka kidogo yakatulia. La tano likaporomoka mbele ya macho yangu: tatu nukta tano, tatu nukta moja, mbili nukta saba.

"Huyu ndiye mchawi wako," akasema. "Hawa wengine wazima. Lakini umeme unapita kwa wote kwa foleni moja, huyu akianguka bodi ya ulinzi inakata wote."

Ugonjwa wenyewe ni ukinzani wa ndani. Seli ikizeeka, hasa iliyozeeshwa na joto, njia za ndani zinasongamana. Ukiiomba kidogo inatoa, ukiiomba nyingi kwa mara moja volti inaanguka. Ndiyo maana kioo kilisema asilimia 41 na hakikudanganya. Na kwa joto na unyevu wa Tanga, pikipiki imeanikwa juani mchana kutwa, kuzeeka kunakwenda mbio. Magari ya mashindano yana mifumo ya kupoza betri kwa kimiminika, na bado walipokwenda Jakarta, mji wenye jasho kama letu, joto la betri lilikuwa jambo la kuhesabiwa sawa na uniti. Betri ikipanda joto kupita mpaka, kompyuta inapunguza nguvu yenyewe, dereva hana la kusema.

Nilimuuliza kwa nini basi tusichaji harakaharaka tu, tukaacha kulilia akiba kubwa. Akachukua seli moja iliyokwisha kufa, akaimaliza kabisa, akaifungua nje kwenye mchanga. (Usijaribu. Hata yeye alivaa miwani, na mimi nilisimama mbali kama mwoga niliye.) Ndani kuna utepe mrefu uliosokotwa kama mkeka, upande mmoja karatasi ya shaba iliyopakwa unga mweusi. Unga huo ni kinywe, au grafiti, madini yaleyale yaliyoko Mahenge. Kinywe kina matabaka, na ukichaji, lithiamu huingia na kukaa katikati ya matabaka hayo kama abiria kwenye siti za daladala. Ukiwaingiza kwa utaratibu wote wanakaa. Ukiwasukuma kwa pupa, wanarundikana mlangoni: lithiamu inaganda juu ya kinywe kama chuma, haingii tena, akiba inapungua, na siku moja inaweza kutoboa na kuleta moto. Kuna mtu anayeweza kuchaji upesi kuliko sisi, lakini hata yeye analipa nauli hiyohiyo.

Huyo mtu ni Formula E, tena. Mwaka 2025, huko Jeddah, walianzisha kuchaji katikati ya mbio: gari linaingia, linachomekwa sekunde 30 kwa hadi kilowati 600, linatoka na nyongeza ya asilimia 10, yaani uniti 3.85. Na mimi nilikaa benchini kwa bibi mpaka adhuhuri kuingoja moja! Lakini kilowati 600 ni birika za chai 300 zikichemka pamoja. Mitambo ya maporomoko ya Pangani ina uwezo wa megawati 68. Magari 113 yakichomekwa hivyo kwa pamoja, uwezo wote wa mitambo hiyo umekwisha. Kwa mbio ni sawa, wanakuja na mitambo yao. Kwa barabara ya Tanga kwenda Segera, akiba ya kwenye chombo na akiba ya kwenye nguzo zitakuwa ugomvi mmoja.

Nikiwa kwa fundi, upepo ulikuwa ukitoka upande wa Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443. Mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba limewekewa mfumo wa kulipasha joto. Joto hilo linatoka kwenye umeme. Fundi alipolisikia hilo alicheka mpaka akaweka koleo chini. Mimi sikucheka sana, nina ndugu wawili walioajiriwa kule.

Alibadilisha kundi la tano lote, seli nane, kwa seli alizozipima moja moja kwa mzigo, akazichomelea mikanda mipya. Nilikwenda Pangani wiki ya pili yake. Niliachia resi kila mteremko, nikajificha nyuma ya fuso la nazi mpaka karibu na Kigombe, sikuzidi kilomita 35 kwa saa. Shemeji, aliyenifuata kwa bodaboda ili anicheke, aliniacha akarudi akaniacha tena. Kwa bibi nilisimama kumsalimia tu. Akauliza kama nataka kuchomeka. Nikamwambia leo ninazo. Nilifika kwenye kivuko na asilimia 9, nikaomba umeme kwa muuza samaki kabla hata sijanawa uso.

Zile seli nane mbovu fundi alinirudishia kwenye mfuko wa nailoni. Mbili zilikuwa zimekufa kabisa, nikazirudisha kwake azitupe anakojua. Sita bado zinashika chaji. Nimeiweka moja kwenye tochi ya mama, ile yenye kitaa kidogo cheupe kinachoomba umeme kiduchu. Umeme ukikatika usiku mama huiwasha kuendea uani. Leo ni wiki ya tano, hajaichaji.